Dirisha la Kutolea Vitabu

Siku waliyoniaga, mgeni rasmi alisimama kwenye kipaza sauti akasema kituo chetu kimewafungulia milango wanafunzi wa kike tangu siku ya kwanza, bila kumbagua mtu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimevishwa taji la maua ya plastiki, blanketi la zawadi mapajani, na sikupiga makofi. Waliokaa karibu nami walidhani nimezidiwa na uchungu wa kuondoka. Haukuwa uchungu. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kushindwa kumeza soda.

Ninyi vijana mnaobaki pale maktaba hamkuyaona haya, na hakuna atakayewasimulia. Kwa hiyo naandika. Vyeo nilivyopewa na mishahara niliyolipwa sitavitaja, vyote vipo kwenye faili langu, pamoja na barua moja nitakayoifikia.

Nilizaliwa Mbeya. Baba alikuwa dereva wa malori yaendayo Zambia, Mwislamu, na mama Mnyakyusa wa Rungwe aliyesilimu alipoolewa. Madrasani nilisomeshwa Kurani hadi nikaweza kusoma herufi za Kiarabu bila kukwama, ingawa maana ya maneno mengi ilinipita. Nilipoolewa, mume wangu akiwa mwalimu, tulihamia Iringa, tukapanga nyumba Kihesa. Kituo cha masomo ya Kiislamu, kile cha shahada za juu, kilikuwa kinatafuta msaidizi wa maktaba anayeweza kusoma mgongo wa kitabu cha Kiarabu akakiweka mahali pake. Nilienda na cheti changu cha kidato cha nne na nyaraka za mafunzo ya ukutubi, nikapata kazi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Maalim Kalinga, mkuu wa maktaba. Alikuwa Mhehe mfupi, mwenye koti zito juu ya kanzu mwaka mzima, Januari na Julai sawasawa. Alinisalimu, "Kamwene," nami nikaitikia "Kamwene," na hapo Kihehe changu kikaishia. Akanipa boksi la vitabu, juzuu kumi na mbili za kitabu kimoja, akaniambia nizipange rafuni. Nikapanga moja hadi kumi na mbili, kushoto kwenda kulia, nikarudi nyuma kuitazama kazi yangu. Maalim akaja, akatazama, akavua miwani.

"Mama, umekivalisha kitabu kanzu mgongo mbele."

"Nimekosea wapi, Maalim?"

"Kiarabu kinaanzia kulia. Anayesoma lugha hii anaingia chumbani kwa macho kutokea upande ule. Toa zote, anza upya."

Nilitoa zote. Sikukosea tena, na leo hata sahani za nyumbani nazipanga kutoka kulia. Wanangu wamezoea.

Maalim ndiye aliyenifundisha kazi. Vumbi la vitabu halifutwi kwa kitambaa chenye maji, linafagiliwa kwa brashi laini ya rangi, kuanzia mgongoni kwenda nje. Ukurasa uliochanika unaunganishwa kwa gundi ya unga wa ngano na karatasi nyembamba, kamwe si kwa gundi ya plastiki, maana ile inakausha karatasi hadi inavunjika kama chapati ya juzi. Nyuma ya vitabu tuliweka majani makavu ya mkaratusi, wadudu hawaipendi harufu yake. Na ndani ya chumba cha ndani, kulikokaa vitabu vikubwa visivyoazimwa, hakuna kalamu ya wino iliyovuka kizingiti. Penseli tu. Mkuu wa kituo mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni kwa sababu ya kalamu mfukoni.

Nilimpenda mzee yule. Nalisema mapema kwa sababu baadaye nitasema mengine.

Wanafunzi walikuja na mila zao, na nyingine walizianzisha hapo hapo. Waliotoka Tanga na Kilwa walifika Iringa mwezi wa Juni na shati jepesi, wakatetemeka hadi wakashindwa kuandika. Ikawa desturi kwamba anayemaliza masomo anafua sweta lake na kumwachia mgeni mmoja, naye mgeni haruhusiwi kuuliza lilikuwa la nani kabla. Kulikuwa na masweta pale yenye viraka vingi kuliko uzi wa awali.

Desturi kubwa zaidi ilikuwa darasa la Alhamisi. Baada ya swala ya alasiri, mwanafunzi mmoja alisimama ukumbini kueleza utafiti wake kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya wote: walimu, walinzi, sisi wa maktaba, na Mama Sanga mpishi. Mama Sanga alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, na alikuwa na ruhusa moja ambayo hakuna mwalimu aliyekuwa nayo. Akiinua mkono akasema "Mwanangu, sijaelewa," mwanafunzi alipaswa kuanza upya. Niliwahi kuona kijana hodari, aliyehifadhi Kurani nzima, akianza upya mara tatu, jasho linamtoka kwenye baridi ile, mpaka Mama Sanga akasema, "Haa, kumbe ni hivyo tu! Mbona ulikuwa unatuzungusha?" Wanafunzi walimwogopa kuliko watahini.

Wanafunzi wa kike nao walisimama Alhamisi, wakaeleza tafiti zao mbele ya wanaume wote, na hakuna aliyeona tatizo. Ijumaa asubuhi walirudi dirishani.

Dirisha lenyewe lilikuwa kwenye ukuta wa maktaba, upande wa kibaraza, pana kama trei ya chai. Mwanamke hakuingia maktaba. Alisimama nje, akaandika jina la kitabu kwenye kipande cha karatasi, akakipitisha, mimi nikaenda rafuni, nikamletea. Kama kitabu kilikuwa cha kuazimwa, akaondoka nacho. Kama kilikuwa cha chumba cha ndani, basi. Visivyotoka havitoki, na yeye haingii. Julai, upepo unapopanda kutoka bondeni, nilipokea vikaratasi kutoka kwenye vidole vilivyopauka kwa baridi, wakati ndani kuna viti kumi na sita na wanaume watano.

Na mimi ni nani? Mimi ni mwanamke. Niliingia chumba kile kila siku ya Mungu. Niliruhusiwa kupanda ngazi, kufagia vumbi, kushika vitabu vile kwa mikono yangu miwili. Kwa brashi, ruksa. Kwa daftari, marufuku.

Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza Maalim.

"Ndiyo kanuni," alisema.

"Ya dini?"

"Dini gani tena? Wanawake wamesoma na wamefundisha tangu enzi za masahaba. Ni kanuni ya kituo. Ndivyo nilivyokuta."

Nikanyamaza. Nilinyamaza miaka mingi, na sitawaficha hilo.

Kisha akaja Zuhura Masanja. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ya taratibu, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa. Baba yake alisilimu huko huko Usangu na kusomesha watoto wote. Alipofariki, kaka zake Zuhura waligawana ng'ombe asubuhi moja, zizini, kabla msiba haujaisha. Mama yake na dada zake watatu hawakupata hata ndama. Walipouliza, waliambiwa hiyo ndiyo dini, mwanamke hana fungu katika mifugo.

"Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, Mama," aliniambia siku moja pale dirishani. Wanafunzi waliniita Mama au Mama Faraji. "Nilijua wanadanganya. Lakini sikuweza kuwaonyesha ukurasa. Nimekuja hapa kutafuta ukurasa."

Utafiti wake ulihusu fungu la mwanamke katika mifugo ya marehemu. Kitabu kikubwa cha mirathi tulichokuwa nacho kilikuwa na juzuu nne, na habari za wanyama walio hai, wanaozaa na kufa kabla mgao haujafanyika, zilikuwa kwenye juzuu ya tatu. Chumba cha ndani.

Alipitisha karatasi. Nikamwambia hakitoki. Kesho yake akapitisha karatasi ile ile. Na kesho kutwa. Siku ya nne sikuipokea.

"Zuhura, nimekwambia hakitoki."

"Najua. Nataka tu kila siku kuwe na mtu wa kuniambia hivyo kwa mdomo wake."

Hapo nikaipokea ile karatasi, nikaifumbata mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa Maalim Kalinga. Nilikuwa nimefura. Nilimweleza habari ya zizi, ya mama, ya dada zake. Alinisikiliza huku akinoa penseli. Mwisho akasema, "Mkalishe chumba cha kadi. Mbebee asubuhi, kirudi kabla ya adhuhuri. Akiuliza mtu, mimi ndiye niliyekutuma."

Chumba cha kadi kilikuwa stoo ndogo yenye makabati ya zamani ya kadi za vitabu, na kilikuwa na mlango wake wa nje. Kwa miezi mitano, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, Zuhura alikaa humo na juzuu ya tatu juu ya meza, chini yake nimetandika khanga safi. Nilikibeba kwenye kapu langu la sokoni, nimekifunika. Fikirini hilo. Mtu mzima, mfanyakazi wa maktaba, anapenyeza kitabu cha maktaba kwa mwanafunzi wa maktaba kama anayebeba nyama ya wizi.

Asubuhi moja aliniita. "Mama, kitabu hiki kimefungwa vibaya. Ona, ukurasa wa mia mbili na nane unafuatiwa na wa mia mbili na ishirini na tano. Zile zilizoruka ziko mbele huku, baada ya mia mbili na arobaini." Nilitazama, ni kweli. Fundi aliyekijalidi alichanganya mafungu ya karatasi. Kilikuwa kimekaa rafuni miaka yote ile na hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kuleta taarifa. Nikataka kukipeleka kwa fundi, Zuhura akaomba nisubiri amalize.

Maalim alistaafu kabla yeye hajamaliza. Tulimwandalia chakula, tukalia, akahamia Mbeya kwao mke wake. Mimi nikabaki na funguo na kapu.

Zuhura aliwasilisha tasnifu yake. Mtahini wa ndani alikuwa Dokta Shabani, mwalimu wetu wa sheria, mtu nadhifu, msomaji, asiyepandisha sauti. Taarifa aliyoandika ilinifikia kama kila kitu kilivyowafikia watu pale, kupitia jikoni. Aliandika kwamba juzuu ya tatu imenukuliwa katika tasnifu nzima, tena kwa undani, ilhali nakala pekee ipo chumba ambacho mwanafunzi wa kike haingii, na kwamba kwa hiyo kazi ile imeandikwa na mtu mwingine, yaelekea mwanamume. Alipendekeza aondolewe.

Isomeni tena taratibu. Walimzuia kusoma kitabu. Kisha wakamshitaki kwa kukisoma.

Kikao kiliwekwa Jumatatu. Jumamosi nilipanda basi la asubuhi kwenda Mbeya kumtafuta Maalim. Nilitaka karatasi moja tu, mistari mitatu, yenye sahihi yake: mimi ndiye niliyemtuma. Kuanzia Igawa nilikuwa naitazama Usangu upande wa kulia, tambarare hadi macho yanachoka, nikawaza kwamba mahali fulani kule kuna mama anayesubiri mwanawe aje na ukurasa.

Maalim alinipokea vizuri. Alikuwa amekonda, koti ni lile lile. Mke wake akaleta chai na ndizi za kuchemsha. Nikaeleza.

Akakoroga chai yake. "Mama Faraji," akasema, "mimi sikumbuki jambo hilo."

"Maalim, ulikuwa unanoa penseli."

"Sikumbuki."

"Ulisema akiuliza mtu, ni wewe uliyenituma. Sasa wameuliza."

"Nimeondoka pale na jina langu safi. Nina mwanangu anasubiri nafasi ya kufundisha pale. Usinitie kwenye mambo hayo, tafadhali." Akaisogeza sahani ya ndizi upande wangu. "Kula, safari ni ndefu."

Sikula. Nilimuaga mke wake, mumewe sikumuaga. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namjibu kichwani, kwa sauti niliyodhani ni ya ndani, mpaka abiria wa jirani akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu niliitwa na mimi, si kama shahidi. Niliitwa kuleta kitabu. Nikaingia na juzuu ya tatu mikononi, nikaambiwa nisimame nayo pembeni. Mezani walikaa Mkuu wa kituo, Dokta Shabani na walimu wengine wawili. Zuhura alikaa upande wa pili peke yake, amevaa sweta la kituo, viwiko vimetoboka.

Dokta Shabani aliuliza kwa upole, "Binti, umeandika mambo ya kitabu ambacho hujapata kukiona. Nani alikuandikia?"

"Nimekiona, Dokta. Naomba ukifungue ukurasa wa mia mbili na nane."

Nikampa. Akafungua.

"Ukurasa unaofuata ni wa ngapi?" Zuhura akauliza.

Dokta akageuza. Akarudisha. Akageuza tena. "Mia mbili na ishirini na tano."

"Zilizokosekana ziko baada ya mia mbili na arobaini. Aliyesoma nakala nyingine hawezi kulijua hilo. Na anayekisoma hiki kwa haraka anadhani mwandishi ameruka suala la ndama waliozaliwa kabla ya mgao. Hakuruka. Liko kule mbele."

Walimu wawili walisogea kuchungulia. Niliuona uso wa Dokta, na ndipo nilipoelewa jambo lililoniwasha zaidi ya yote: mtu yule aliyekilinda kitabu kile kama mlinzi wa benki hakuwa amewahi kufika ukurasa wa mia mbili na nane. Alikuwa na mlango wazi, kiti na taa, miaka yote.

Ningesema hapo mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mkuu wa kituo alisafisha koo. "Basi umekisoma. Swali linakuwa, kimetokaje chumba cha ndani? Nani alikutolea?"

Zuhura akatazama mikono yake.

"Jibu, binti. Ama umekiiba, ama kuna aliyekutolea."

Zuhura alikuwa tayari kuitwa mwizi. Mkuu akachukua kalamu aandike, na mimi nikasogea mbele ya meza, kwa woga na kwa hasira, sijui kipi kilitangulia.

"Mimi ndiye niliyemtolea," nilisema. "Kila asubuhi, miezi mitano. Kwenye kapu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nilikuwa na jina la mtu mdomoni. Nilikuwa na haki ya kulisema. Lakini nilijua atakachojibu akipigiwa simu, na sikutaka kumsikia akikana mara ya pili. "Kwa uamuzi wangu."

"Unaijua kanuni?"

"Naijua. Na wewe, Mkuu, ungemjua huyu binti tangu siku ya kwanza kama ungewahi kupita kile kibaraza mwezi wa saba."

Niliambiwa nitoke.

Uamuzi ulikuja wiki ile ile. Zuhura hakufukuzwa. Alitakiwa afanye sahihisho moja tu: aiondoe juzuu ya tatu kwenye tasnifu nzima na kwenye orodha ya marejeo, kwa kuwa kuiacha ni sawa na kituo kukiri kwamba kanuni ilivunjwa. Yaani maarifa abaki nayo, ila aonekane ameyaokota njiani. Mimi nilipewa barua ya onyo kali kwa kuvunja kanuni ya maktaba, nikahamishiwa masijala.

Zuhura alikuja Kihesa kuniaga. Alikuwa na begi lake.

"Fanya tu hilo sahihisho, mwanangu," nilimwambia. "Chukua shahada yako."

"Mama, kaka zangu watauliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Nikionyesha kitabu kisichotaja kitabu, watacheka. Sitoi hata nukta." Akaenda Usangu bila shahada.

Masijala ilikuwa chumba cha nyuma, faili za kituo tangu kuanzishwa kwake, zimerundikwa kwa kamba za katani. Nadhani waliona ni mahali pa kumzika mtu. Lakini mimi ni mtu wa maktaba, nikipewa rundo nalipanga. Na nilikuwa na jambo langu. Nilitaka kuiona ile kanuni. Nilitaka kujua nani aliitia sahihi, nimchukie kwa jina lake.

Nilisoma faili moja baada ya jingine. Mihtasari ya vikao, waraka wa masharti ya maktaba, marekebisho ya waraka, barua za walimu. Kulikuwa na kanuni ya kalamu za wino. Kulikuwa na kanuni ya viatu, ya kahawa, ya kikohozi. Ya wanawake haikuwepo. Nilianza upya nikidhani nimepitiwa. Haikuwepo. Ilinichukua mwaka na zaidi, katikati ya kazi nyingine, mpaka nikaifikia faili ya majengo, ambayo sikuwa na sababu ya kuifungua.

Humo kulikuwa na barua ya msimamizi wa ujenzi, nusu ukurasa. Mlango wa maktaba ulikuwa umeoza, ukawa unatengenezwa muhula mzima. Kwa sababu hiyo limetobolewa dirisha la muda upande wa kibaraza, wanafunzi wote wapewe vitabu hapo. Kazi ya mlango ikiisha, dirisha lizibwe kwa tofali.

Wanafunzi wote. Nilitafuta orodha ya muhula ule. Ndio muhula walioingia wanawake wa kwanza, watatu. Walikuta watu wote wanapokelea vitabu dirishani, nao wakapanga mstari. Mlango ulipokamilika wanaume waliingia, na wale watatu hakuna aliyewaambia kitu. Wakabaki pale. Waliowafuata waliwakuta pale. Baada ya miaka michache shimo la fundi likaitwa kanuni, na kwa kanuni hiyo binti wa watu aliitwa mwongo na mimi nikaitwa mvunja sheria.

Chini ya barua ile, kwa penseli, kulikuwa na neno moja na sahihi ya msaidizi wa maktaba wa wakati huo. "Nimeona. Kalinga."

Alikuwa ameona. Alipaswa kuita fundi wa tofali, siku moja ya kazi. Hakuita, kisha akaniambia ndivyo alivyokuta. Alifariki kabla sijaamua kama nitamuuliza. Nilikwenda kumzika Mbeya, nikasimama na wanawake wenzangu, nikamwombea, na hasira yangu nikarudi nayo Iringa nzima nzima. Mbinu zake za gundi ya unga nazitumia hadi leo. Sijui mambo hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja, ila kwangu yanakaa.

Kituo kilikuwa kimepata Mkuu mpya. Nilimpelekea faili, nikasimama akisoma. Alisoma mara mbili.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Kwa hiyo hakuna kanuni ya kufuta."

"Hakuna, Mkuu. Kuna shimo la kuziba."

Zuhura alipewa shahada yake bila kuondoa nukta, kwa barua fupi isiyo na neno samahani. Alirudi Usangu nayo, akakaa na kaka zake, shehe wa kata na wazee wa pande zote, akafungua ukurasa. Ilichukua vikao vingi na ugomvi mwingi, na kaka yake mkubwa hajasema naye tangu siku hiyo. Lakini mama yake alikufa akiwa na ng'ombe wake. Sasa Zuhura anafundisha Mbeya.

Barua yangu ya onyo niliomba iondolewe, kwa kuwa nilionywa kwa kuvunja kitu kisichokuwepo. Nilijibiwa kimaandishi kwamba hakuna utaratibu wa kuondoa barua kwenye faili. Hilo nalo nililitafuta. Hilo lilikuwa limeandikwa.

Nilirudishwa maktaba. Fundi alikuja Jumamosi akaziba dirisha kwa tofali, akapiga lipu. Jumatatu asubuhi nilifungua mlango mapema, nikafagia chumba cha ndani. Dokta Shabani aliingia wa kwanza, akakaa mahali pake pa siku zote. Baada yake wakaja wanafunzi wanne wa kike. Hakukuwa na tangazo lolote, walikuwa wamesikia tu, jikoni. Wakasimama kizingitini, hawavuki. Yule wa mbele, binti wa Njombe, alinitazama akanong'ona, "Mama, tunaruhusiwa?"

Nilikasirika, si kwake. "Ingia," nilimwambia. "Na usimuulize mtu tena swali hilo humu ndani."

Wakaingia. Wakavuta viti, na viti vile vya mninga vikakwaruza sakafu kwa kelele. Dokta Shabani akainua macho, akawatazama wote wanne, akanitazama mimi. Nilisubiri. Nilikuwa na majibu ya miaka mingi, yamepangwa tayari, kutoka kulia. Akakusanya karatasi zake zilizotapakaa mezani, akazivuta upande wake kuwapa nafasi.

"Aliyeingia mwisho afunge mlango," alisema. "Baridi inaingia."